Saa 72 zisiliwe na fomu ya polisi, PF3

Wahudumu wa jamii wa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Pongwe: aliyebakwa akifika kwako, hesabu saa kwanza. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na zikiwahi hukinga zaidi. Kisha humezwa siku 28. Wapo wanaoziacha njiani kwa kichefuchefu, kwa hiyo mpitie nyumbani. Kabla hajapimwa hospitalini, asioge wala asifue. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana nailoni hutunza unyevu na ushahidi huoza. PF3 ya polisi ni muhimu, ila matibabu yasiisubiri. Na jamani, maelezo atoe faraghani, si barazani mbele ya mashangazi! Akiwa mtoto, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.