Mbuzi na kipupwe Sikonge, Tabora: kumbukumbu ya mradi, Juni hadi Agosti

Juni

Mvua zilishakata na sasa tuko kwenye kipupwe chenyewe. Mchana jua linawaka bila wingu, lakini kuanzia alfajiri hadi jua lipande, baridi inauma, hasa upepo wa kusini-mashariki ukivuka mbuga iliyo nyuma ya banda. Nguzo za umeme zimeishia barabara kuu, na maji yetu ni ya kisima na ya bati, kwa hiyo miezi hii yote tunaishi kwa akiba tuliyoweka mwishoni mwa masika.

Akiba kubwa ni marobota ya majani makavu. Mbuzi wa kilo 25 anakula karibu kilo moja ya chakula kikavu kwa siku. Nusu anajitafutia porini, nusu nampa mimi. Kwa mbuzi 14, kuanzia Julai hadi mwisho wa Oktoba, hesabu inafika kama kilo 860. Robota moja la boksi langu la mbao lina kilo 15 hivi, kwa hiyo nilifunga marobota 60 nikafunga na hesabu. Mengi ni majani ya karanga, yaliyokusanywa mara tu baada ya kung'oa na kukaushwa kivulini yakabaki na ukijani wake. Yakiachwa juani siku nyingi yanapauka, majani yanapukutika, na unachofunga ni vijiti tu. Marobota yote yako juu ya kichanja, kwa sababu huku mchwa hawasubiri.

Halafu huu ni msimu wa michembe. Kila nyumba inamenya viazi vitamu na kuanika, na maganda ni mengi kuliko watu wanavyojua la kuyafanyia. Napita jioni na kiroba, watu wananipa bure. Ya viazi nawapa mbuzi hivyohivyo. Ya mihogo nayaanika hadi yakauke kabisa, maana yakiwa mabichi yana sumu.

Dawa ya minyoo nimewapa mwezi huu kwa makusudi. Nyasi zikikauka, viluwiluwi vya minyoo malishoni vinakufa kwa ukavu, na minyoo iliyobaki ni ile iliyo tumboni. Ukiiondoa sasa, mbuzi hana pa kuiokota tena hadi mvua zirudi. Na asubuhi siwafungulii kabla umande haujakauka; saa tatu ndiyo saa yao.

Julai

Banda limeinuliwa mita moja kutoka ardhini, sakafu ni ya fito zilizoachiana nafasi ya kidole, samadi inadondoka chini. Kwa usafi ni banda zuri sana, ila upepo nao unapita chini kwa chini. Nimeziba upande wa mashariki na wa kusini kwa viroba vya mbolea vilivyoshonwa pamoja, kuanzia ardhini hadi usawa wa kichwa cha mbuzi. Juu, chini ya bati, nimeacha wazi. Ukiziba kote, harufu kali ya mkojo inabaki ndani, na mapafu ya mbuzi hayaipendi. Kipimo changu ni kupiga magoti ndani alfajiri na kuvuta pumzi pale wanapolala. Macho yakiwasha, nafungua zaidi.

Bibi wa jirani, ambaye amefuga tangu usichana wake, alikuja kuangalia akaniambia: "Mwanangu, viroba sawa, lakini wape chakula kigumu jioni. Tumbo likiwa na kazi usiku, mbuzi hatetemeki." Ni kweli tupu. Majani makavu yanapochachuka tumboni yanatoa joto, na mbuzi anacheua nalo hadi asubuhi. Sasa marobota nayafungua jioni tu.

Mbuzi wawili niliowanunua mnadani walikuwa na mimba, na mmoja amezaa mapacha usiku wa baridi kuliko zote. Wa pili kutoka alikuwa mdogo, amelala ubavu, masikio baridi. Katika hali hiyo kinachoangaliwa kwanza ni mdomo: unaingiza kidole safi, unagusa ulimi. Wake ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Kitoto cha namna hiyo hakinyweshwi kwanza. Hana nguvu ya kumeza, na maziwa yanaweza kwenda mapafuni. Tulimkausha kwa gunia, mke wangu akamweka kifuani ndani ya kitenge karibu na jiko, na mdomo ulipopata joto ndipo tukamkamulia dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama. Alinyonya kidole kwanza, halafu chuchu. Kitovu tukakichovya kwenye iodini. Leo anaruka juu ya mgongo wa mama yake, na siwezi kueleza furaha tuliyo nayo nyumbani.

Sola haisumbui. Jua la miezi hii limeelemea kaskazini, kwa hiyo paneli nimezilaza kuelekea huko. Kazi ni vumbi tu: kitambaa chenye maji, asubuhi kabla hazijapata moto.

Agosti

Beberu, chotara wa mbuzi aina ya Malya, nilimwachia majike mwishoni mwa Juni baada ya kumtenga muda mrefu. Mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi, kwa hiyo wengi watazaa mwishoni mwa Novemba, majani yakiwa yamerudi. Kwangu hilo ni bora kuliko kuzalisha kipupwe.

Moto umeanza kuonekana porini. Tumefyeka na kufagia ukanda wa mita nne kuzunguka banda na kichanja hadi udongo uonekane.

Miti ya miombo imeanza kuchipua majani mekundu kabla hata ya tone la mvua, na mbuzi wanasimama kwa miguu ya nyuma kuyafikia. Kisima, lakini, kinashuka. Nikihesabu lita tano kwa mbuzi, mbuzi 14 wanakunywa lita 70 kwa siku, na tangi la lita 5,000 peke yake linawatosha siku 71. Mwezi ujao naweka mfereji kwenye bati la jikoni. Ni mita 40 za mraba, na mvua ya milimita 25 ikinyesha hapo inaleta lita 1,000. Mbao na misumari ninayo, bado bomba.