Nilivyojifunza kuchekesha bila kucheka

Mwongozaji aliponipa nafasi ya daktari katika filamu fupi ya vichekesho, maelekezo yake yalikuwa mafupi: usichekeshe. Wengine waanguke, wapige kelele, wakodoe macho. Mimi nibaki daktari. Mwalimu wa kazi hiyo nilimjua: Leslie Nielsen.

Wengi wanamkumbuka kama Frank Drebin, yule mpelelezi mwenye mvi wa The Naked Gun. Lakini Mkanada huyu, aliyezaliwa 1926, aliigiza mambo mazito kwa takriban miaka thelathini: kamanda wa chombo cha angani katika Forbidden Planet (1956), nahodha wa meli inayopinduka katika The Poseidon Adventure (1972). Ndipo waongozaji, ndugu wawili akina Zucker na mwenzao Jim Abrahams, wakamfanya daktari katika kichekesho cha ndege, Airplane! ya 1980, pamoja na wazito wenzake kama Robert Stack na Lloyd Bridges. Hawakutafuta wachekeshaji. Walitaka sura ambazo mtazamaji amezoea kuziamini.

Kwa hiyo nilianza na zile filamu nzito, nikichunguza anavyosimama, anavyomtazama mwenzake, anavyoshusha sauti mwishoni mwa sentensi. Kisha nikaweka Airplane!. Mtu ni yuleyule! Sauti ileile, mabega yaleyale. Kilichobadilika ni maneno anayopewa na vituko vinavyomzunguka. Kuna kipande ambapo daktari anaingia kwa marubani kuwatakia heri na kuwaambia kwamba abiria wote wanawategemea. Anarudi tena na tena, na mara ya mwisho ndege imeshatua, ila uso wake hauna habari. Nilikitazama nikiwa nimezima sauti. Ungeapa ni filamu ya huzuni.

Hapo mazoezi yangu yakapata njia. Mistari yote niliisoma kwanza kama daktari anayempa mgonjwa majibu mabaya. Halafu kila kituko nikakitafutia sababu. Katika skripti yetu daktari anajifunga kipimo cha presha mkononi mwake mwenyewe, anasoma namba, kisha anampa pole mgonjwa. Niliamua kwamba namba zile zinamtia hofu ya kweli. Tangu hapo sikuhitaji kufikiria uso, ulijipanga wenyewe.

Kazi ngumu ilikuwa kicheko changu. Mwenzangu aliyeigiza mgonjwa alikuwa na mdomo unaotetemeka kabla hajacheka, na ukiuona tu umekwisha. Nikawa nakazia macho kifungo cha juu cha shati lake. Kwenye kamera huonekana kama daktari anayekagua kifua. (Nielsen mwenyewe alizoea kutembea na kakifaa kanakotoa mlio wa ushuzi, akiwachokoza wenzake kazini. Ujasiri huo mimi sina.)

Somo la kutulia nililipata kwenye televisheni. Police Squad!, kipindi ambamo Drebin alianzia mwaka 1982, kiliishia sehemu 6 tu kwenye ABC, kituo cha televisheni cha Marekani. Hakikuwekewa vicheko vya kurekodiwa vya kukuonyesha pa kucheka, na vituko vingi vilitokea nyuma ya wahusika. Ukigeuka kidogo vimekupita. Nadhani ndiyo maana kilishamiri kilipopelekwa sinema kama The Naked Gun mwaka 1988, mahali ambapo watu hukaa gizani na kutazama. Mwishoni mwa kila sehemu picha inajifanya imeganda, kumbe waigizaji wamesimama tu kama sanamu huku mambo mengine yakiendelea. Nililifanyia mazoezi hilo mbele ya kioo, kwa sababu katika kipande chetu cha mwisho kabati la dawa linaporomoka nyuma yangu nami naandika cheti. Nilimwomba mwongozaji asisogeze kamera usoni pangu, aache kabati lionekane lote.

Tulirudia mara kadhaa, kwani mgonjwa alikuwa akivunjika mbavu. Katika kile kilichochaguliwa mpiga kamera anasikika kwa mbali akijizuia. Fundi sauti alitaka kuufuta mguno huo. Mwongozaji akakataa katakata.