Siku akina mama wa Ngamiani walipomtuza mwimbaji katikati ya Shakespeare

Watu wakisikia nilishawahi kucheza Shakespeare wanadhani ilikuwa shule ya kulipia au kwenye ukumbi wa ubalozi huko Dar, hapana jamani, ilikuwa Tanga, Ngamiani, tena na taarabu inapigwa pale pale jukwaani, na mpaka leo hakuna kitu nilichofanya ujanani nikakipenda kama kile.

Ilikuwa tarehe 14 Oktoba 2009, Nyerere katimiza miaka 10 tangu afariki. Kikundi chetu kilikuwa cha mtaani tu, mi fundi cherehani, wengine wauza samaki, kuna muuguzi mmoja, kuna vijana wa baiskeli, na mkuu wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili, tulikuwa tunamwita Mwalimu basi. Tulizoea yale maigizo ya kuelimisha jamii, ukimwi, malaria, vyoo, yaani yale ambayo mtazamaji anajua yataishaje hata hujafungua mdomo. Sasa mwaka ule Mwalimu akasema Baba wa Taifa tutamkumbuka kwa kazi ya mkono wake mwenyewe. Maana wengi wanamjua kwa siasa tu, hawajui kwamba alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, ya Juliasi Kaizari ikatoka 1963 na Mabepari wa Venisi 1969, na zote zimetoka yeye ni Rais tayari. Nchi changa vile iko mikononi mwake na bado akapata muda wa kukaa na mistari ya mashairi, mi hilo linanigusa sana kila nikilifikiria.

Tukachukua Mabepari wa Venisi. Kwa ambae hajaisoma, Antonio ni tajiri mwenye meli, rafiki yake Basanio anataka kwenda kumposa Porshia lakini hana kitu, basi Antonio anamkopea kwa Shailoki, Myahudi anaekopesha kwa riba, dukati 3,000 (pesa za dhahabu za huko), na mkataba unasema asipolipa kwa wakati atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake. Meli zinachelewa, deni linaiva. Huko kwa Porshia nako marehemu baba yake ameacha masanduku matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi (ile metali nzito, sio ya bunduki), anaemtaka binti achague moja, akikosea aondoke na asioe tena maisha yake yote. Porshia nilikuwa mimi.

Mavazi hatukuhangaika na Ulaya. Mwalimu alisema mji wa bandari ni mji wa bandari, mtu wa Tanga anajua kusubiri chombo ambacho hakijaonekana, kwa hiyo akina Antonio walivaa kanzu na koti, mi nikavaa kanga na dira la kushona mwenyewe, na ile sehemu ya mahakamani ambapo Porshia anajifanya mwanasheria wa kiume tuliazima joho la bwana harusi kwa mzee mmoja wa Makorora. Lilinifika mpaka kwenye vidole vya miguu lakini nilipolivaa tu nikahisi sauti yangu inashuka yenyewe.

Ila kitu kilichobeba ile kazi ni muziki. Tanga bana ni mji wa muziki, hapa ndo palikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na kwenye taarabu ndo kwao Black Star na Lucky Star walizoimbia akina Shakila, taarabu yenye gitaa la umeme na besi, sio ile ya fidla nyingi ya Unguja. Mwalimu akaenda kuwatafuta wazee waliokuwa wanapiga enzi hizo, akawapata wanne, wa akodiani, wa gitaa, wa besi na wa bongo, na dada mmoja ambae alikuwa anaimba kwenye maharusi. Mzee wa akodiani alikuja siku ya kwanza amenuna, akasema yeye hapigi muziki wa kusindikizia watu wanaotembea jukwaani. Mwalimu hakubishana nae, akamfungulia kitabu sehemu ya mwisho, pale kijana Lorenzo anapomwambia mkewe Jesika usiku wa mbalamwezi kwamba mtu asiekuwa na muziki ndani yake si wa kuaminiwa. Mzee akasoma, akarudia, akauliza huyu aliyeandika alikuwa anapiga chombo gani. Toka hapo akawa anafika mazoezini kabla yetu.

Na ndo yeye alietunga wimbo wa masanduku. Kwenye tamthilia yenyewe wakati Basanio anafikiria achague lipi kuna wimbo unaimbwa, na Mwalimu akatueleza kwamba kwa Kiingereza vina vya ule wimbo vinafanana na jina la lile sanduku lenye bahati, kama vile Porshia ananong'oneza bila kunong'oneza maana kakatazwa kusema. Mzee kusikia hivyo akacheka, akasema kumbe mafumbo wanayajua na wao! Kesho yake akaja na beti zote zinaishia na si, maana sanduku lenyewe ni la risasi:

Moyo usiende kasi, jicho halina kiasi,
Kinachong'ara upesi, ndani huficha mikosi.

Ziko nyingine lakini hizo ndo zimenikaa kichwani.

Basi siku yenyewe ukumbi umejaa, kiingilio shilingi 1,000 na watoto bure, watoto wako chini mbele kabisa wamekalia mikeka, nyuma yao akina mama na kanga zao, wanaume wengi wamesimama ukutani. Mwanzo kwakweli watu walikuwa wametulia kama wako kwenye mkutano wa kata. Wanasikiliza kwa adabu, na adabu ile ilikuwa inanitisha mimi. Anakuja wa kwanza kuchagua dhahabu anakosea, wa pili fedha anakosea, wanacheka kidogo. Akaingia Basanio, akodiani ikaanza, besi ikashuka, dada akaanza kuimba.

Beti ya pili haijaisha nikaona mama mmoja kwenye mstari wa mbele anamgonga mwenzie begani, midomo inatembea, anafuatisha vina. Ghafla akapiga kelele, "Risasi! Chukua risasi mwanangu!" Ukumbi mzima ukalipuka, huku risasi, kule risasi, watoto nao risasi, na Basanio wa watu kasimama mkono uko hewani. Alafu yule mama akanyanyuka. Akafungua pindo la kanga, akatoa noti, akaja anacheza taratibu hivi mpaka jukwaani, akamtuza dada. Nyuma yake wakaja wengine, wanapita katikati yangu na Basanio kama vile tuko harusini, mmoja akanipangusa jasho la usoni na leso yake akaniambia usiogope utampata. Kule pembeni namuona Mwalimu na kitabu mkononi, ameganda. Wazee hawakusita hata kidogo, wakaurudia wimbo mwanzo, mzee wa akodiani kafumba macho, na mi nikajikuta nimesimama tu nimeshika kifua, sina mstari wa kusema, nalia kabisa, na kilikuwa kilio cha Porshia sio changu, au vyote viwili sijui.

Wimbo ulikwenda muda mrefu. Basanio alipofungua lile la risasi vigelegele vilivyopigwa mi sijavisikia hata kwenye harusi yangu.

Na toka hapo watu wakawa ndani ya mchezo. Kwenye kesi, Shailoki wetu alipoanza kunoa kisu, wazee waliweka vyombo chini. Hilo walikubaliana wenyewe mazoezini kwamba Shailoki hapigiwi muziki, na tokea pale anaposema yeye Myahudi nae akichomwa anatoka damu kama wengine, ukumbi ulimsikiliza bila kikohozi. Mi nashukuru sana kwa hilo. Najua 1969 ni miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, na wengi wanamsoma Shailoki kama mnyonyaji basi, lakini jirani yetu aliepewa nafasi hiyo alimcheza kama mtu aliyetemewa mate miaka mingi mpaka akachoka, na nilipomwambia nyama chukua ila tone la damu lisidondoke, watu walishangilia, ndio, alafu mahakama ilipomlazimisha na kuwa Mkristo, akatoka peke yake anaburuta kanzu, shangwe ikakatika. Kuna bibi alisema kwa sauti, "Jamani mbona wamemnyang'anya na dini yake?" Hakuna aliyemjibu.

Baada ya kufunga ukaja mjadala wa hela za tuzo. Mweka hazina akasema ni za kikundi, zikalipe ukumbi. Mzee wa akodiani akakataa katakata, akasema tuzo ni ya aliyeimba, hata angekuwa rais ndo kaandaa shughuli. Dada mwenyewe akachukua nusu, nusu akawapa wazee, na ukumbi tukalipa kwa viingilio.

Siku ya pili Mwalimu akaja na kitabu chake kile kile, pale kwenye masanduku kaandika kwa kalamu nyekundu: hapa watu watatuza, Porshia na Basanio wasubiri. Akatufanyisha na zoezi la kusubiri, namna ya kusimama bila kutoka kwenye uhusika, nani amwangalie nani, besi iendelee vipi. Tulipoupeleka mchezo Muheza tukasubiri pale weee, hakuna mtu alienyanyuka, wimbo ukaisha tukaendelea. Wao wakaja kutuza kwenye kesi, na waliyemtuza ni Shailoki.