Kukoroga chai, kuchafuka kwa ziwa

Jana jioni nilikuwa mwaloni Kibirizi, Kigoma. Ziwa limechafuka, mitumbwi ya dagaa yote imefungwa, karabai hazijawashwa. Nakoroga chai, sukari imekaa chini ya kikombe. Mpwa wangu wa kidato cha kwanza akafungua daftari: "Mjomba, 'stir' ni kukoroga tu?" Nikamjibu ndiyo. Nimefika nyumbani jibu likanisumbua, nikaingia kwenye kamusi mpaka saa sita usiku.

Jamani, neno hili lina mizizi! Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, walisema "styrian": kusogeza, kutikisa, kuchochea. Wajerumani wana ndugu yake, "stören", yaani kusumbua. Na wataalamu wa lugha wanalihusisha na "storm", dhoruba. Kijiko changu na yale mawimbi, huenda ni ukoo mmoja! Leo aliyelala akijigeuza kidogo ni "stir", mtu akichochea ugomvi ni "stir", na zogo lenyewe mtaani nalo ni "stir".

Kilichonigusa zaidi ni Kiswahili chetu. Tunavuruga, tunapata vurugu. Unatibua maji, tope linapanda juu. Unamtibua mtu, hasira inapanda vilevile. Hatukuazima kwa Mwingereza, naye hakuazima kwetu.

Asubuhi kabla hajaenda shule nikamwita: "Mjomba, lete daftari, jana nilikupa nusu ya jibu." Tumeandika ukurasa mzima, uji wake umepoa mezani.