Nilivyokipitisha Kikaragosi Nyuma ya Ukuta kwa Mbinu ya Ray Harryhausen

Tangu nianze kutengeneza filamu za vikaragosi vinavyopigwa picha moja moja, nimeambiwa na wengi kwamba kazi ya Ray Harryhausen, Mmarekani aliyevitia uhai vikaragosi vya filamu za zamani, ni ya makumbusho, na kwamba anayetaka kuchanganya kikaragosi na mandhari ya kweli hana budi kununua kompyuta ya bei kubwa na kitambaa cha kijani. Nasema kwa fahari kwamba kikaragosi changu cha mifupa kimetembea nyuma ya ukuta wa mawe, kikaonekana kifua na kichwa tu, kwa mbinu aliyoitumia bingwa huyo katika miaka ya 1950.

Harryhausen alitanguliza kupiga filamu ya mahali penyewe pamoja na waigizaji, kisha akaionyesha picha baada ya picha kwenye skrini iliyokuwa nyuma ya kikaragosi. Mbele ya kamera alisimamisha kioo, akakipaka rangi nyeusi pale palipokuwa na ukuta au mwamba wa mbele. Alipomaliza alirudisha filamu nyuma, akaziba sehemu iliyokwisha kupigwa, akapiga ile iliyobaki, na kiumbe chake kikawa katikati ya mandhari. Mimi nilitumia runinga, nikapiga duru mbili, moja ya kikaragosi na nyingine ya ukuta wa mbele, na kuziunganisha kwa programu ya bure, kwani weusi hauongezi kitu juu ya picha nyingine.

Kilichoniudhi ni ushauri wa taa. Mpiga video mmoja wa harusi alinihakikishia kwamba mwanga wa dirishani unatosha, tena ni wa bure, nami nikafanya kazi kuanzia asubuhi hadi alasiri. Nilipozitazama picha zikienda 24 kwa sekunde, hatua zilikuwa nzuri kabisa, lakini kivuli kilizunguka miguuni kama mshale wa saa, kila wingu lililopita likaleta giza la ghafla, na runinga ikapauka kadiri jua lilivyosogea. Macho yangu hayakuyaona mabadiliko hayo, kwa sababu jicho huzoea. Kamera iliyanasa yote. Niliziba dirisha kwa blanketi, nikazungushia taa za mezani maboksi ili mwanga usiguse runinga, nikaizuia kamera isijirekebishe yenyewe.

Ujanja ninaojivunia zaidi ni wa kioo. Kikiwa karibu mno na lenzi, ukingo wa rangi hufifia na ukuta huonekana kuyeyuka, kwa hiyo nilikisogeza kwenye kikaragosi, nikawa naingiza mkono kwa ubavuni. Nilipokuwa napaka, mdogo wangu alitazama kwenye kamera na kuniongoza, maana mstari ulionyooka machoni pa mpakaji huwa umepinda mbele ya lenzi.

Subira haina mbadala. Katika filamu ya Jason and the Argonauts ya mwaka 1963, pambano la mifupa saba na watu watatu ni la dakika chache tu, lakini lilimchukua Harryhausen zaidi ya miezi minne. Fedha zilipopungua alijua pa kukata: pweza wake katika filamu ya It Came from Beneath the Sea ya mwaka 1955 alikuwa na minyiri sita badala ya minane, na ni wachache wanaogundua.

Kwa upande wangu, vitu vyote nilivyonunua havikufika bei ya simu ya kawaida. Anayeanza asihangaikie viungo vya chuma vya ndani ya kikaragosi, kwani hata Harryhausen alitengenezewa na baba yake, aliyekuwa fundi mitambo. Waya wa alumini uliosokotwa unatosha, ila ule wa magotini ubadilishwe kabla haujakatika katikati ya hatua.