Midomo na Sauti: Jinsi Tulivyookoa Video za Wanafunzi Kigoma

Ninafundisha katika shule ya sekondari mjini Kigoma, na pamoja na vipindi vya darasani ninasimamia klabu ya wanafunzi wanaotengeneza filamu fupi kuhusu mji wao kwa kutumia simu. Mwaka jana makundi matano yaliniletea kazi za kuhariri. Kundi moja lilikwenda Ujiji kueleza mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Jingine liliichagua MV Liemba, meli iliyoshushwa ziwani mwaka 1915, na wasichana wanne wakaamka alfajiri kwenda mwalo wa Kibirizi kuzungumza na wanawake wanaonunua na kuanika dagaa.

Kazi ya wasichana hao ndiyo iliyoninyima usingizi. Mahojiano yao na mama mmoja yalikuwa ya dakika tisa. Mwanzoni binti anasema, "Shikamoo mama," naye anaitikia, "Marahaba wanangu," na midomo inakwenda sawasawa na sauti. Kufikia dakika ya tano mama anafunga mdomo kabla neno halijaisha. Mwishoni kabisa, sauti yake inayosema "Karibuni tena" inasikika wakati yeye ameshainama anachota dagaa kwenye beseni, takribani sekunde mbili baada ya kutamka.

Nilidhani sauti imeteleza tu, nikaisogeza. Mwisho ukakaa vizuri, mwanzo ukaharibika. Nikakata mahojiano vipande kumi na viwili na kulinganisha kimoja kimoja, kazi iliyonichukua jioni mbili, lakini kila palipokatwa pakawa na mshtuko, na mama yule ambaye huongea kwa utulivu akaonekana kama mtu anayekatizwa kila mara. Niliona hilo ni kumvunjia heshima, nikaifuta kazi yote ya kukata.

Aliyenifungulia njia ni mmoja wa wasichana wale. Aliniuliza, "Mwalimu, mbona zile tulizopiga jua likiwa limeshatoka hazina tatizo?" Nilizikagua na kukuta ni kweli. Kasoro ilikuwa kwenye video za alfajiri peke yake, pale mwanga ulipokuwa ule wa taa za wavuvi na wekundu kidogo upande wa milimani.

Sababu ni hii. Simu nyingi hazirekodi idadi ileile ya fremu, yaani picha mojamoja zinazounda video, katika kila sekunde. Penye mwanga wa kutosha hufika fremu 30, lakini penye giza simu huiacha kila fremu ipokee mwanga kwa muda mrefu zaidi, na idadi hushuka. Ndani ya faili kila fremu huwa na alama ya wakati wake, ndiyo maana video ileile ikichezwa kwenye simu yenyewe huiona haina dosari. Programu yetu ya kuhariri, ambayo ni ya zamani, ilizipanga fremu zote kana kwamba kila sekunde inazo 30 kamili, kwa hiyo picha ikakimbia na sauti ikaachwa nyuma, na pengo likazidi kukua kadiri mahojiano yalivyoendelea.

Dawa yake ilikuwa kuzigeuza video zote kabla ya kuanza kuhariri. Nilitumia HandBrake, programu inayopatikana bure, nikachagua fremu 30 kwa sekunde zisizobadilika badala ya kuiacha ifuate chanzo. Hapohapo nikabadilisha mfumo wa ubanaji kutoka H.265, ambao simu mpya huutumia ili kuokoa nafasi, kwenda H.264, kwa sababu kompyuta zetu zenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 zilikuwa zikikwama kila tulipojaribu kucheza video za aina ile ya kwanza. Umeme ulikatika usiku wa kwanza faili likiwa katikati, nalo likapotea. Tangu hapo nikaanza na mafupi, nikayaacha marefu kwa saa ambazo betri imejaa. Mafaili ya asili sikuyagusa, yamehifadhiwa kwenye diski ya nje hadi leo.

Kundi la Liemba lilikuwa na tatizo ambalo kwa kweli sikuweza kulitibu lote. Walikuwa wametumiana video zao kwa WhatsApp kama video za kawaida, zikabanwa njiani, na herufi za jina la meli ubavuni zikawa ukungu. Ubora uliopotea kwa namna hiyo haurudi. Kwa bahati mmoja wao alikuwa hajafuta kipande chake kwenye simu, tukakichukua kwa waya. Vingine viwili ilibidi wakavipige upya. Sasa ninawafundisha kutuma video kama hati, ambayo hufika jinsi ilivyo, ingawa hula bando.

Tulipounganisha filamu zote tano kuwa faili moja la gigabaiti 4.6, flashi ya gigabaiti 16 ililikataa ikidai haina nafasi. Ilikuwa katika mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT32, usiopokea faili linalozidi gigabaiti 4. Tuliiumbiza upya kwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, na kazi ikaingia.

Siku hizi wanafunzi hupiga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni mwa mahojiano na jingine mwishoni. Kofi la kwanza likilingana na sauti yake na la pili lisilingane, tunajua ni fremu, na hatuanzi kusogeza chochote.

Wasichana wa Kibirizi walimtumia mama filamu yake kwenye simu ya mjukuu wake, kama hati. Wanasema aliitazama hadi mwisho, akaomba irudishwe pale anaposema "Karibuni tena."