Gamu ya Shilingi Kumi

Mwaka 2003 nilikuwa nikishona viatu na mjomba karibu na steji ya Eldoret. Gundi yetu ilikaa kwenye mkebe, ya manjano na nzito kama asali. Watoto wa mtaani waliiita gamu. Walileta vichupa vya plastiki, nami nikawapimia ya shilingi kumi kama anayepima mafuta ya taa. Walisema ukiivuta inaua njaa na baridi. Ni kweli, inaua zote mbili, na baridi ya Eldoret mwezi wa saba si mchezo.

Mmoja wao alikuwa na miaka kama 12. Kichupa alikibana kwa meno ili mikono ibebe mizigo ya abiria. Asubuhi moja wenzake walimleta kwa mkokoteni. Nikamwinua, magoti yakalegea, hata shingo haikushika. Lakini macho yalikuwa wazi, na kila nilichomuuliza alinijibu sawasawa. Watu wakajaa. Huyu akasema karogwa, yule akasema ni ulevi tu, aachwe alale. Mjomba akatupa kiatu chini, tukausukuma ule mkokoteni mpaka hospitali.

Daktari alinusa shati lake kwanza. Damu ilipopimwa, potasiamu, madini ambayo misuli huyahitaji, ilikuwa 1.7, ya kawaida huanzia 3.5. Akatueleza kwamba gundi ina tolueni, kemikali inayotoa mvuke. Mtoto akiivuta siku nenda siku rudi, figo hushindwa kutoa asidi, na potasiamu huishia kwenye mkojo. Misuli ikiikosa hulegea.

“Na moyo ni msuli,” akasema.

Kisha akatuonya: mtoto aliyevuta asikimbizwe wala kushtuliwa, kwa sababu mvuke ule huufanya moyo uwe mwepesi kuvurugika, na hofu moja tu inaweza kuusimamisha papo hapo. Nikawakumbuka askari waliowafukuza kila jioni, na sisi mafundi tukiangalia na kucheka.

Akaniuliza kazi yangu. Nikanyamaza. Mjomba ndiye aliyejibu.

Kwa dripu za siku kadhaa mtoto akasimama. Mkono wake, hata hivyo, uliendelea kutetemeka kila aliposhika kikombe cha chai.

Wiki ya pili alikuja kibandani kwa miguu yake, akaninyoshea kichupa.

“Nipimie ya kumi, mkubwa.”

Nikamwambia imeisha. Akautazama mkebe uliokuwa wazi kati ya magoti yangu, kisha akanitazama mimi.